Fundi Aliyepandisha Viti

Kwa miaka sita nilimwona karibu kila wiki, na katika miaka hiyo yote sikumwona akipanda baiskeli hata mara moja. Alikaa juu ya kasha la mbao kando ya ukuta wa duka lililofungwa, hatua chache kutoka stesheni ya Kalemie, spana zake zimepangwa juu ya gunia, akitazama miguu ya wapita njia. Nyuso hazikumshughulisha. Ukimsalimu alijibu macho yakiwa kwenye magoti yako, na mara nyingi alikuwa ameshajua ni wewe kabla ya kuinua kichwa. Sisi wateja wake tulimwita Papa Fundi. Jina lake nalijua, lakini sitaliandika, kwa sababu watoto wake wako hai na yaliyotokea hayakuwa mepesi kwao.

Ilikuwa enzi ya Zaire, katika ile miaka ambayo malori yalianza kufia barabarani na treni ilikuja ilipotaka. Mimi nilikuwa kijana wa ndagala. Nilinunua samaki hao wadogo waliokaushwa ufukweni, nikafunga magunia mawili nyuma ya baiskeli ya Kichina, nikashika barabara ya Nyunzu siku mbili, wakati mwingine tatu, nikarudi na mahindi. Tulikuwa wengi: wa ndagala, wa chumvi, wa sabuni, wa mafuta ya mawese. Baiskeli zile zilikuwa nzito hata bila mzigo, na vilima vya nyuma ya mji havina huruma. Mtu akifanya kazi hiyo miaka miwili, ungemtambua sokoni kwa jinsi anavyoshuka ngazi, mguu mmoja mmoja, mkono ukutani, kama mzee, kumbe ana miaka ishirini na tano.

Mara ya kwanza nilimpelekea mnyororo uliokatika. Hakuugusa.

"Tembea," aliniambia.

"Papa, ni mnyororo tu."

"Munyororo nimeuona. Tembea mupaka kwenye ile nguzo, urudi."

Nilitembea, nikijisikia mjinga, wapagazi wa stesheni wakinitazama. Niliporudi alikuwa amewasha sigara.

"Kushoto," alisema. "Inauma mbele ama nyuma?"

"Mbele. Hapa chini ya pia ya goti."

"Wakati wa kupanda mulima?"

"Na wakati wa kushuka ngazi. Na nikikaa sana kanisani."

Alitikisa kichwa kana kwamba nimemtajia msiba wa mtu anayemfahamu. "Kiti yako iko chini sana. Unaendesha velo sawa muntu mwenye kuchuchumaa. Kila ukizungusha, goti inakunjwa mupaka mwisho, halafu unaibebesha mizigo yote. Unawaza itakaa miaka mingapi?"

Akanipandisha kwenye baiskeli huku nimeegemea ukuta, akaniambia niweke kisigino juu ya pedali ya chini. Mguu ulipaswa kunyooka kabisa. Wangu ulikuwa umejikunja kama wa panzi. Alilegeza nati, akavuta kiti, akapima, akavuta tena, hadi mguu uliponyooka. Kisha akasogeza unyayo wangu mbele na nyuma mpaka pedali ikakaa chini ya ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, na goti likabaki na mkunjo mdogo tu. Mwisho akatoa uzi mfukoni, nati imefungwa kwenye ncha yake, akaushikilia mbele ya goti langu pedali ikiwa mbele. Nati ilining'inia. Alitazama inapoangukia, akasogeza kiti nyuma kidogo, akatazama tena. Ndipo alipochukua mnyororo.

Nilipoondoka niliogopa. Miguu yangu haikugusa chini ila kwa ncha za vidole. Lakini baada ya safari mbili, maumivu yalipungua, na baada ya mwezi nikashuka ngazi za bandarini bila kufikiri. Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajaumwa goti ni kitu gani hicho, kushuka ngazi bila kufikiri.

Mafundisho yake hayakuwa mengi, ila aliyarudia mpaka yakachosha. "Zungusha, usisukume," alisema, na wapagazi walimwigiza nyuma ya mgongo wake. Alisema alijifunza hilo kwa kutazama treni za moshi alipokuwa kibarua wa reli, ile mikono ya chuma inayozungusha magurudumu bila kuyapiga teke. Alitutaka tuanze safari polepole, nusu saa ya kwanza bila haraka yoyote, hadi mwili upate joto. Alitukataza kupanua magoti nje kama vyura. Goti litazame mbele. Akiona mtu amevaa kandambili laini alimrudisha nyumbani akatafute kiatu chenye soli ngumu. Na kigurudumu cha meno cha nyuma, alikitoa kile kidogo kilichokuja na baiskeli akafunga kikubwa zaidi, akikipata. Vijana hawakukipenda, kwa sababu kwenye tambarare walichekwa, miguu ikizunguka mbio na baiskeli ikienda taratibu. Kwenye kilima hawakuchekwa na mtu.

"Na mulima ukikushinda," alisema, "shuka, sukuma na mikono. Hakuna mwenye kukuhesabia."

Hakuwa mtu wa kupendeza. Sikumbuki akiniuliza habari za mama yangu, hata mwaka ule mama alipolazwa na mji mzima ukaniuliza. Kicheko chake sikukisikia. Mke wake, aliyekaanga mikate ya mafuta upande wa pili wa barabara, aliniambia siku moja kwamba mumewe anaweza kukaa jioni nzima nyumbani bila neno, kisha aseme, "Yule wa chumvi, goti yake ya kuume imeanza kuwa mubaya," na kurudi kunyamaza. Mama huyo alikuwa akiumwa mgongo miaka mingi. "Mimi sina pedali," aliniambia, akigeuza mikate yake. "Njo maana haoni."

Misa aliiacha, akisema viti vya kupigia magoti pale kanisani vimetengenezwa na mtu asiye na magoti. Na yeye mwenyewe alifanya kazi yote akiwa amepiga magoti juu ya saruji, mchana kutwa, bila hata kutandika gunia. Nilipomwonyesha hilo alitazama chini, kama mtu aliyeambiwa shati lake limechanika, akaendelea kukaza nati.

Siku moja ya salongo, Jumamosi ambapo sote tulitolewa kulima majani kando ya barabara, alikuja mkubwa mmoja wa chama kwenye baiskeli mpya, koti lake la abakosi, lile la wakubwa wa enzi hiyo, limepigwa pasi, akatukagua. Papa Fundi aliacha jembe.

"Citoyen," alimwambia, yaani mwananchi, mbele ya watu wote, "kiti yako iko chini. Unajiua magoti."

Mkubwa alidhani anachekwa. Alimsimamisha juani hadi saa za mchana, mikono kichwani, nasi tukaendelea kulima bila kuinua macho, maana hakuna aliyetaka kusimama naye. Wiki iliyofuata baiskeli ile mpya ililetwa na mtumishi, bila neno, na Papa Fundi akaipandisha kiti kwa kukisia, kwa sababu hakuwa na mguu wa kupima. Alisema tu kwamba angependa kuuona ule mguu.

Nasema hayo ili ieleweke kwamba hakuwa mwoga. Kwa miaka mingi niliamini hivyo, na ndiyo sababu yaliyofuata yalinishangaza.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mchukuzi wa mafuta ya mawese, mtu mfupi mwenye watoto watano na sauti ya kuchekesha. Alifunga bidoni mbili kubwa, yale madumu ya mafuta, nyuma ya baiskeli na kuzileta mjini kutoka vijiji vya njia ya Nyunzu. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba hadi suruali ikamkaba. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Papa Fundi. Nilimsihi wiki kadhaa, nikamwonyesha jinsi ninavyochuchumaa na kusimama, na mwishowe akakubali.

Walibishana asubuhi nzima. Sikusikia yote, kwa sababu nilikwenda sokoni kutafuta kamba. Niliporudi kiti kilikuwa kimepanda vidole vinne, na mchukuzi wa mafuta alikuwa ameegemea ukuta juu ya baiskeli, uso umemkunjamana.

"Miguu inaelea," alisema.

"Itazoea," Papa Fundi alijibu. "Goti kwanza."

Alizoea. Safari ya kwanza alirudi akisema uvimbe umeanza kushuka. Safari ya pili tulirudi pamoja, tukafika juu ya mteremko wa mwisho unaoingia mjini, mahali unapoliona ziwa lote mbele yako. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, udongo ulikuwa unateleza. Alitangulia. Mimi nilisimama kidogo kukaza kamba ya gunia, na nilipoanza kushuka yeye alikuwa mbele kiasi cha hatua hamsini, akienda kasi kuliko inavyofaa.

Kilichofuata nilikiona chote. Miguu yake ilitoka kwenye pedali, ikanyooka pande zote mbili, ikitafuta ardhi. Vidole viligusa, vikaruka, vikagusa tena. Hakupiga kelele. Chini pale, kwenye kona, kulikuwa na lori bovu lililoachwa siku nyingi, limewekewa mawe chini ya magurudumu. Aliligonga moja kwa moja, na bidoni zikamfuata.

Nilipomfikia mafuta yalikuwa yanamwagika juu ya kifua chake, mekundu, hata sikujua yapi ni mafuta na ipi ni damu. Alinitambua. Alisema jina la mtoto wake mdogo, kisha hakusema tena. Tulimbeba kwenye machela ya miti hadi hospitali, watu wanne tukipokezana, lakini nilijua kabla hatujafika kwamba tunabeba maiti.

Kwenye matanga waliniuliza imekuwaje. Mimi peke yangu ndiye niliyeona. Nilisema nilichokiona: miguu yake haikufika chini.

Sikumtaja mtu. Haikuhitajika. Kila mtu uani pale alijua nani amepandisha kile kiti, na wengi walijua nani amempeleka. Mjane aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka akanitazama, wala hakulia. Kaka wa marehemu alisimama akaondoka, na vijana wawili wakamfuata, nikajua wanakwenda wapi. Walivunja kasha la Papa Fundi na kumpiga makofi mbele ya mke wake. Watu walisema hakujikinga, na hakusema neno la kujitetea.

Siku ya nne alikwenda nyumbani kwa mjane akaomba baiskeli. Wazee wa matanga walitaka kumfukuza. Mjane alisema mpeni, mimi sitaki kuiona. Aliibeba begani, gurudumu la mbele limepinda kama kibuyu, na baada ya wiki moja akairudisha ikiwa nzima, imesafishwa, kiti kimeshushwa hadi mwisho. Mjane aliiuza kwa mtu wa Moba.

Na hapo ndipo mji ulipogeuka. Wa chumvi, wa sabuni, wa ndagala, wote walishusha viti vyao. Hofu ilienea kwa juma moja. Wengine walishusha wenyewe, lakini wengi walimpelekea yeye, labda kwa kumkomoa, kwa sababu wenye spana nzuri Kalemie walikuwa wachache. Nilimwona akishusha kimoja baada ya kingine, mikono ileile, uso hauna kitu. Ule uzi wenye nati sikuuona tena.

Nami nilikwenda. Nilikuwa nimeota ile miguu mara nyingi mno. Nilisimamisha baiskeli mbele yake nikasema, "Papa, nishushie."

Nilisubiri abishe. Naapa nilisubiri. Kama angesema neno moja, kama angesema kwamba udongo uliteleza, kwamba goti langu litaharibika, kwamba mimi nimezoea kiti cha juu miaka minne bila kuanguka, ningekubali na kurudi nyumbani. Alilegeza nati.

"Mupaka wapi?" aliuliza.

"Miguu iguse chini yote."

Akasukuma kiti chini, akakaza, akanipa baiskeli. Kisha akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mimi ndiye niliyeinamisha macho.

Mwaka uliofuata mke wake alifariki, na yeye akapanda treni kwenda Kongolo kwa binti yake. Sikumsindikiza. Sikujua hata siku aliyoondoka.

Sisi tuliobaki tuliendelea na kazi. Wa chumvi alikuwa wa kwanza kuacha. Goti lake la kulia lilijaa maji mara tatu. Wa sabuni alihamia kwenye kuuza mbele ya nyumba, amekaa. Goti langu la kushoto lilianza polepole, kwanza kwenye vilima, kisha kwenye ngazi, kisha kitandani. Ningeweza kupandisha kiti. Kila mwaka nilijiambia nitakipandisha, na kila nilipotoa spana niliona vidole vile vikigusa na kuruka, nikairudisha mfukoni. Nilivumilia miaka saba, kisha nikaiuza baiskeli na kuanza kufuata mahindi kwa treni, treni ilipokuwepo.

Hivyo ndivyo nilivyofika Kongolo, katika miaka ya mwisho ya Zaire. Treni ilikuwa imekwama pale kwa kukosa mafuta, hakuna aliyejua itaondoka lini. Siku ya tatu, nikiwa nanunua mihogo, mwanamke aliniuliza kama ninatoka Kalemie, kwa jinsi ninavyosema. Nilimwambia ndiyo, na kazi yangu ya zamani. Alikuwa binti wa Papa Fundi.

"Yuko nyumbani," alisema. "Hatoki tena. Uje umusalimie. Hakuna mutu wa kule anakuja."

Alikuwa kwenye kitanda cha kamba katika chumba kidogo chenye dirisha la upande wa mto, amekonda, macho bado makali. Alinijua. Tulizungumza habari za mji, nani amekufa, kiwanda kipi kimefungwa. Binti alileta chai akatoka. Ndipo akaniuliza, bila kubadilisha sauti, "Weye njo ulisema habari ya miguu. Pale kwenye kilio."

"Nilisema nilichoona, Papa."

"Uliona muzuri. Hukukosea. Lakini hukuuliza kwa nini alikuwa anatafuta chini na miguu. Muntu mwenye freni hatafuti chini."

Breki zake sikuwahi kuziwaza; niliweka kikombe chini.

"Freni yake ilikuwa imekwisha. Ile mipira, mbele na nyuma, ilibakia chuma kwa chuma. Ile asubuhi weye ulienda soko, aliniambia. Alisema, Papa, mimi sikatai kwa sababu niko mufupi. Nakataa kwa sababu nasimamisha velo na miguu. Nikaangalia freni, nikaona ni kweli. Mipira mipya sikukuwa nayo. Ilikuwa ifike na treni. Nikamwambia, freni tutaona juma ijayo, goti kwanza."

Alisema hayo akitazama mikono yake juu ya shuka.

"Velo nilienda kuichukua ili muntu asiangalie," aliendelea. "Mipira ilifika siku mbili nyuma ya kilio. Nikaifunga, nikairudisha kwa mujane. Alinishukuru."

"Na sisi?" nilimuuliza. "Tulikuja wote ukatushushia. Ulijua kiti hakina kosa."

"Nilijua."

"Ungesema neno moja."

"Ningesema kiti haina kosa, wangeuliza kosa ni ya nani." Alifumba macho. "Nilikuwa nahesabu. Kila muntu alikuja, nilikuwa nahesabu magoti. Halafu nikaacha kuhesabu."

Nadhani alitaka niseme kitu. Mtu hafungui jambo kama hilo mbele ya mgeni anayesubiri treni bila kutarajia chochote. Lakini nilimwona tena yule mwenzetu kwenye udongo mwekundu, na mimi nikimsihi wiki kadhaa aende akapimwe. Nilisema tu kwamba nimesikia. Kisha nikasema lazima nirudi stesheni.

Kiti cha wageni kilikuwa kigoda kifupi, na nilikuwa nimekaa muda mrefu. Niliweka mkono mmoja ukutani na mwingine juu ya paja, nikainuka kidogo, nikasimama katikati kungoja maumivu yapite, kisha nikamalizia. Nilipogeuka alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anatazama goti langu la kushoto.

"Ya tangu wakati gani?" aliuliza.

Nilimwambia.

Aligeuza uso upande wa ukuta, akavuta shuka hadi shingoni. Binti yake aliingia kuchukua vikombe, akamwona hivyo, akanionyesha kwa mkono kwamba amelala.